Jina lililoogopwa: biskuti ngumu za Wajapani na maneno yake

Askari wa Japani waliopigana na Urusi mwaka 1904 na 1905 walibeba katika mikoba yao biskuti ngumu, kavu, isiyooza upesi, kwa ajili ya siku ambazo wali haukuweza kupikwa. Jina lake la kijeshi lilikuwa jūshōmenpō (mstari juu ya irabu unaonyesha kwamba irabu ni ndefu). Ni jina lililotungwa kwa ufundi. Jū hapa ni “kurudia”, shō ni “kuoka”, menpō ni “mkate”: mkate uliookwa kwa kurudiwa. Aliyepitia Kilatini kidogo atatambua mara moja kilichotafsiriwa. Bis coctus, “iliyopikwa mara mbili”, ndiyo mama wa biscuit ya Kifaransa, biscoito ya Kireno na biskuti yetu. Neno jūshōmenpō halikukopa sauti hata moja ya neno hilo la Ulaya. Lilichukua maana yake tu na kuivika vazi jingine. Ni tafsiri mkopo safi, ya aina ambayo mwalimu wa istilahi angeiandika ubaoni kama mfano.

Baada ya vita jeshi likaliacha jina hilo. Sababu inayoelezwa haikuwa unga wala tanuri. Jūshō, ukilisikia bila kuliona limeandikwa, ni pia “jeraha kubwa”. Hivyo askari alikuwa anapewa mkononi, kabla ya kwenda kupigwa risasi, “mkate wa jeraha kubwa”. Likatungwa jina jipya, kanmenpō, “mkate mkavu”, ambalo baadaye lilifupika na kuwa kanpan, neno ambalo Mjapani yeyote analijua hadi leo.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu katika kitivo chetu tunafundishwa kupima istilahi kwa mizani miwili: je, inaeleza kitu kwa usahihi, na je, inafuata kanuni za lugha? Jūshōmenpō lilishinda katika mizani yote miwili, na bado lilikufa. Sisi tunaotunga istilahi za Kiswahili kwenye karatasi, mara nyingi tukiwa na kamusi ya Kifaransa upande wa kushoto, tuna sababu ya kuuliza liliuawa na nini.

Tuanze na sauti. Kijapani kilipokea kutoka China herufi zinazoitwa kanji, na pamoja nazo usomaji wake wa Kichina, kwa karne nyingi. Lakini Kichina hutofautisha maneno kwa toni, na toni hizo hazikuvuka bahari. Konsonanti kadhaa za mwisho nazo ziliyeyuka au zikabadilika. Matokeo yake ni kwamba maneno ya Kichina yaliyokuwa mbalimbali yalifika Japani yakiwa na sauti moja. Silabi shō peke yake inaweza kuwa “kuoka”, “jeraha”, “biashara”, “ushahidi”, “tuzo”, “-dogo”, na hata “ushindi”. Jeshi lingefurahi kama msikilizaji angechagua hiyo ya mwisho. Asingeweza, kwa sababu jū na shō zikikaa pamoja kwa mpangilio huo, neno linalojulikana na kila mtu ni lile la hospitali.

Wenzetu wanaosema Lingala wataelewa jambo hili bila shida. Moto “mtu”, motó “kichwa” na mɔ́tɔ “moto” ni maneno matatu mdomoni. Ukiyaandika bila toni na bila kutofautisha irabu, kama tunavyofanya kwenye simu, yanabaki neno moja. Kijapani kinaenda kinyume: kwenye karatasi kanji hutenganisha kile ambacho sikio limekichanganya. Ndiyo maana watu husema kwamba Kijapani ni lugha ya jicho, na kwamba homofoni hazimsumbui Mjapani kwa kuwa anaona herufi kichwani. Kisa cha biskuti kinanifanya nisiliamini sana dai hilo. Karani aliyetunga jina aliliona limeandikwa. Askari alilisikia likiitwa wakati wa kugawa chakula.

Tena jicho lenyewe halikuwa salama kabisa. Kanji ya kwanza katika “kuokwa mara mbili” na kanji ya kwanza katika “jeraha kubwa” ni ile ile moja. Herufi hiyo ina maana ya kurudia au kupanga kitu juu ya kitu, na pia maana ya uzito. Katika biskuti inasema “tena”, katika jeraha inasema “zito”. Ni nusu ya pili tu ya neno inayotofautiana kwa maandishi, na hiyo nayo inafanana kwa sauti.

Msomaji anaweza kusema kwamba huu ni ushirikina wa askari tu. Sikubali, kwa sababu lugha nzima ina utaratibu wake kwa mambo kama haya. Wajapani wanaita imikotoba maneno ya kuepukwa. Namba nne, kwa usomaji wa Kichina, ni shi, sauti ile ile ya “kifo”, na kwa hiyo katika matumizi mengi watu husema yon. Ngisi aliyekaushwa ni surume, lakini suru ni pia kupoteza fedha, basi wafanyabiashara wakamwita atarime, ambapo atari ni kulenga shabaha, kupata bahati. Tunda la nashi linasikika kama “hakuna”, likapewa jina la ari no mi, “tunda la kuwapo”. Hii ni tasfida, ila si ile tunayoijua sana ya kuficha kitu kibaya chenyewe. Tunda halina ubaya wowote. Kinachofichwa ni jirani yake wa sauti.

Na jambo hilo hufanya kazi upande wa heri pia. Wapiganaji wa zamani, kabla ya kutoka kwenda vitani, walikula njugu za chestnut zilizokaushwa na kutwangwa, zikiitwa kachiguri. Kachi hapo ilitokana na kitenzi cha kutwanga, lakini inasikika sawasawa na “kushinda”. Chakula kikavu cha kudumu kilipendwa kwa sauti ya jina lake miaka mingi kabla ya chakula kingine kikavu cha kudumu kuogopwa kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Jeshi la mwaka 1905 lilikuwa na bunduki mpya na makao makuu ya mtindo wa Ulaya. Masikio yake yalikuwa ya zamani.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Hlonipha ya Wazulu na Waxhosa imeandikwa sana: mke haepuki jina la baba mkwe tu, bali pia maneno ya kawaida yenye silabi zinazofanana na jina hilo, na inambidi atafute neno jingine kwa kitu cha kila siku. Kwetu bibi alitukataza kutaja nyoka usiku. Tulisema “kamba”. Tofauti iko hapa: katika nyoka tunaogopa kitu kitakachoitika, lakini katika hlonipha na katika jūshō mzigo wote uko juu ya sauti.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa kanpan ina nusu mbili na nusu ya pili ina safari ndefu. Pan ni pão ya Wareno, ambao walifika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani, mwaka 1543. Waliacha huko maneno ya vitu walivyovileta, na baadhi yake ni ndugu wa maneno yetu. Mjapani akicheza karuta na Mswahili akicheza karata, wote wawili wameshika carta ya Kireno. Kuhusu mkate wenyewe, pwani ya Uswahili haikuhitaji kukopa, ilikuwa na mkate wake wa Kibantu. Lakini upande wa magharibi wa nchi yetu, ambako Wareno walifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwishoni mwa karne ya 15, pão iliingia. Kikongo kina dimpa, wingi mampa. Lingala ina lipa, wingi mapa. Kwa hiyo mama anayeuza mapa asubuhi Kinshasa na mwokaji wa pan huko Tokyo wanatumia neno moja.

Angalia lakini lilivyopokelewa. Lugha za Kibantu hazikuweza kuliacha bila ngeli. Zililipa kiambishi cha umoja na cha wingi, likaanza kutembea kama “jicho” na “macho”. Kijapani hakina ngeli wala wingi wa lazima, kwa hiyo pan ikabaki ilivyo na ikapewa alama ya ugeni kwa njia nyingine: siku hizi huandikwa kwa katakana, mwandiko wa silabi unaotumika kwa maneno yaliyotoka nje. Kanpan inaandikwa nusu kwa kanji, nusu kwa katakana. Mkopo wa Kichina na mkopo wa Kireno vimebanana ndani ya neno la silabi mbili, na lugha iliyowaunganisha haikuchangia mzizi hata mmoja.

Kabla ya mkate, chakula cha askari na msafiri kilikuwa hoshii, wali uliopikwa kisha ukakaushwa. Jina ni la Kijapani halisi: kukausha, na wali. Mkate uliingia jeshini kwa sababu ya hofu ya bunduki za Ulaya. Wakati Uingereza ilipokuwa inaipiga China katika Vita vya Kasumba, Egawa Hidetatsu, mtawala wa Nirayama katika eneo la Izu na mjuzi wa mizinga, alifikiria namna ya kulisha wapiganaji bila moto wa kupikia wali, kwa sababu moshi unamwonyesha adui mahali ulipo. Mwaka 1842 akaoka mkate wa vita. Wajapani wanamkumbuka kama baba wa mkate nchini mwao. Mkate huo, kwa maelezo yote, ulikuwa mgumu. Uliitwa hyōrō-pan: hyōrō ni posho ya chakula cha askari. Miaka michache baadaye, mwaka 1855, daktari Shibata Hōan, aliyekuwa Nagasaki, aliwapelekea watu wa himaya yake ya Mito maelezo ya kutengeneza mkate na bisukoito. Neno hilo ni la Kireno, biscoito. Leo Mjapani anasema bisuketto, lililopita mlango wa Kiingereza. Sisi nasi tuna milango miwili: Dar es Salaam wanasema biskuti, na mitaani kwetu utasikia biskwi, ya Kifaransa. Nchi mbili zilizo mbali namna hii, na kila moja imekopa neno lile lile la Kilatini mara mbili kutoka kwa wakopeshaji tofauti.

Kanpan, basi, ilirithi nafasi ya jūshōmenpō. Lakini nayo ina homofoni. Kanpan ni pia sitaha ya meli, na ni pia kioo kikavu cha kupigia picha cha zamani. Kama homofoni zingekuwa ndizo zinazoua, neno hili nalo lingekufa. Halikufa, kwa sababu sitaha haimtishi mtu. Hapa ndipo naona maelezo ya vitabu vya istilahi yanapungukiwa. Vinatuonya tuepuke homofoni kwa kuwa zinaleta utata, kana kwamba msikilizaji ni mashine inayoshindwa kuchagua maana. Askari hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alijua vizuri kwamba anachopewa ni mkate. Alisikia maana zote mbili kwa pamoja, na hiyo ya pili ndiyo aliyokwenda nayo.

Kuna jina la tatu, ninalolipenda kuliko yote: katapan. Kata ni shina la kivumishi cha Kijapani katai, “-gumu”. Hakuna karani hapo, hakuna Kichina. Ni mtu aliyeuma akasema alichokisikia kwenye meno. Katapan maarufu kuliko zote inatoka Kitakyushu, ambako kiwanda cha serikali cha chuma cha Yawata kilianza kazi mwaka 1901. Baadaye kiwanda hicho kiliwatengenezea wafanyakazi wake biskuti ya kuwaongezea nguvu, ngumu kiasi kwamba watu hutania kuhusu nyundo. Inauzwa hadi leo kwa jina la Kurogane, neno la kale la “chuma”: kuro “-eusi”, kane “metali”. Mzaha na maelezo vimekaa katika jina moja.

Ukiyaweka majina haya pamoja utaona kwamba kila moja limetazama kutoka mahali pake. Hyōrō-pan ni la kamanda anayehesabu posho. Jūshōmenpō ni la mwokaji, linaeleza kazi ya tanuri. Kanpan ni la mtunza ghala: ukavu ndio unaofanya kitu kikae. Katapan ni la mlaji. Sisi tunazoea kudhani kwamba sifa za kitu ziko kwenye kitu, na kazi ya mtunga istilahi ni kuchagua iliyo kubwa. Lakini “kuokwa mara mbili” hakumhusu kabisa mtu aliyekaa kwenye handaki. Jina la mwokaji lilipelekwa kwa mlaji, na mlaji akalijaza maana ya kwake.

Ushindi wa jina la ghala unaeleweka ukitazama ambako kanpan iko sasa. Imetoka jeshini ikaingia majumbani, katika makopo ya dharura. Japani ni nchi ya matetemeko, na kila tarehe 1 Septemba, siku ya tetemeko kubwa la Kantō la mwaka 1923, watu hukumbushwa kukagua akiba zao. Kopo la kanpan huwekwa kwa kawaida kwa miaka 5. Chakula cha namna hii huitwa hijōshoku, “chakula cha yasiyo ya kawaida”. Ndani ya kopo, pamoja na biskuti zenye vitundu vya kutolea mvuke, hukutwa sukari ya mawe au peremende ndogo zenye miiba ziitwazo konpeitō, ambazo zinaleta mate ili biskuti imezeke. Konpeitō ni confeito ya Kireno. Mmisionari Luís Fróis alimpa mtawala Oda Nobunaga zawadi ya peremende hizo mwaka 1569. Pão na confeito, maneno yaliyofika na meli zile zile, yamekutana tena ndani ya kopo la bati chini ya kitanda.

Tetemeko la Kobe na maeneo yake, Januari 1995, lilionyesha kasoro ambayo jina katapan lilikuwa limeisema waziwazi: wazee wasio na meno hawakuweza kula kanpan. Mwokaji mmoja wa mkoa wa Tochigi akatengeneza mkate laini unaookwa ndani ya kopo na kudumu kwa miaka. Unaitwa pan no kanzume, “mkate wa kopo”. Kan hii ya kopo haina uhusiano na kan ya ukavu. Ni neno la Ulaya la kopo, lililopewa kanji inayofanana nalo kwa sauti. Kwa hiyo mtu akisema leo “kan” na “pan” kwa haraka, msikilizaji aliyezaliwa baada ya 1995 ana haki ya kufikiria mkate wa kopo, laini, kinyume kabisa cha kile ambacho jeshi lilikuwa nacho akilini. Sitashangaa neno la zamani likibadilika maana kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kuamua.

Katika zoezi la tafsiri mwaka huu ilitubidi kutafuta neno la Kiswahili la kitu hiki, kwa karatasi ya maelezo ambayo ingesomwa na watu waliohama makwao kwa vita. Huko Kivu ya Kaskazini na Ituri biskuti za msaada si jambo la vitabuni. Kamusi inataka “mkate mkavu”, neno kwa neno. Lisome kwa sauti mbele ya mtu wa Bukavu au wa Kalemie. Mkate mkavu ni mkate usio na kitu: bila siagi, bila chai, bila mboga. Ni chakula cha aliyeishiwa. Kuliandika neno hilo kwenye mfuko anaopewa mtu aliyepoteza nyumba ni kurudia kosa la karani wa Tokyo, tena bila hata udhuru wa homofoni, kwa kuwa neno ni lile lile na maana zote mbili ziko wazi. “Mkate mgumu” ni mkate wa juzi. “Biskuti ya jeshi”, katika Kivu, sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini hapana.

Mimi nilipendekeza “biskuti ya akiba”, jina la mtunza ghala. Mwenzangu mmoja, aliyewahi kuishi kambini, alilikataa. Akiba, alisema, ni kitu ambacho mtu anaambiwa asile leo, na wale watu wanapewa ili wale leo. Yeye anataka “biskuti ya nguvu”, kwa kuwa ndivyo watoto wa kambini walivyokuwa wanaiita. Mwalimu ametuachia majina yote mawili mpaka tuyapeleke kwa watu na kuyasoma kwa sauti.